Udugu wa Chama: Thamani Yake ya Kudumu kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mwanafunzi mgeni anayewasili chuoni hulakiwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Hutafuta chumba, hupiga foleni ya usajili, hunakili ratiba, na kabla jua halijatua huwa amekwisha kuombwa ajiunge na vyama visivyopungua vitatu: chama cha wanafunzi wa somo lake, chama cha wanafunzi wa eneo analotoka na chama cha dini yake. Katika hali hiyo, aghalabu huuliza swali moja: "Nikijiunga nitapata nini?"

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Mwanafunzi aliyepanda basi mjini Voi akielekea Nairobi, Eldoret au Maseno, huku karo yake imechangwa na jamaa na majirani, ana haki ya kujua ada ya uanachama itamrudishia nini. Kwa bahati mbaya, jibu analopewa huwa ni lile lile: atapata cheti, atasafiri, atajuana na watu watakaomsaidia kupata kazi. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini ni finyu. Vyeti huchakaa, safari husahaulika, na wale tuliotarajia watushike mkono nao huwa wanatafuta kazi kama sisi.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kitu cha kudumu ambacho chama cha wanafunzi humwachia mwanachama wake ni mazoea ya kuwajibika mbele ya watu wasio jamaa zake. Mazoea hayo hayafundishwi darasani, wala hayapatikani nyumbani kwa urahisi. Mifano yetu mingi inatoka Voi na Taita Taveta kwa jumla. Mwandishi amezaliwa huko na ndiko anakofundisha. Zaidi ya hayo, historia ya eneo hilo ina mfano wa chama ambao kila mwanafunzi wa Kenya angefaa kuujua.

2.0 Dhana ya Udugu Usio wa Damu

Nchini Marekani, vyama vya udugu vya wanafunzi vina historia ndefu. Chama cha Phi Beta Kappa kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, na desturi ya kuviita vyama hivyo kwa herufi za Kigiriki ikaenea kutoka hapo. Wanafunzi Weusi, waliokuwa wakibaguliwa vyuoni, waliunda vyama vyao wenyewe. Alpha Phi Alpha, kwa mfano, kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906. Kwame Nkrumah, alipokuwa akisoma Marekani, alijiunga na chama kimoja cha aina hiyo kiitwacho Phi Beta Sigma. Wanachama huitana ndugu, na udugu huo hutarajiwa kudumu hata baada ya masomo.

Vyuo vyetu havina vyama vya sura hiyo hasa, lakini dhana yenyewe si ngeni kwa Waswahili wala kwa majirani zao wa bara. Lugha yetu inatoa ushahidi. Neno "ndugu" halikuwahi kufungwa katika tumbo moja. Tunao "ndugu wa kuchanjiana", yaani watu wa koo mbalimbali, na mara nyingine wa makabila mbalimbali, waliofanywa ndugu kwa kiapo cha damu ili msafiri awe na kwake ugenini. Tunalo neno "kikoa", lenye maana ya watu kuchangiana chakula kwa zamu. Tunalo neno "chama" lenyewe, ambalo leo nchini Kenya huwaita pamoja akina mama wa mtaa mzima ili wachangiane fedha kila mwezi. Maneno haya yote yanaeleza jambo moja: mtu kujifunga kwa hiari kwa wajibu ambao hakuzaliwa nao.

Miongoni mwa Wataita, mtu alijulikana kwanza kwa kichuku chake, yaani ukoo wake mpana. Kichuku ndicho kilichompa shamba, kikamwozesha, kikamzika. Hata hivyo, mambo yalibadilika. Katama Mkangi, ambaye wasomaji wa jarida hili wanamfahamu kwa riwaya zake Ukiwa, Mafuta na Walenisi, alikuwa pia mwanasosholojia, na kitabu chake cha utafiti kilichotoka mwaka 1983 kiliwahusu Wataita hasa. Humo alichunguza uhusiano uliopo kati ya mageuzi ya umiliki wa ardhi na ukubwa wa familia, na gharama ambayo jamii hulipa mambo hayo yanapobadilika. Funzo tunalolichukua hapa ni hili: shamba linapokuwa la mtu mmoja mwenye hati, na familia inapopungua, ile mikono mingi iliyokuwa ikimpokea mtu aliyeanguka nayo hupungua. Hapo ndipo swali la chama linapokuwa zito. Ikiwa ukoo hautoshi tena kumlea mtu, atajifunza wapi kubebana na wenzake?

3.0 Mfano wa Historia: Taita Hills Association

Mwishoni mwa miaka ya 1930, baadhi ya Wataita waliunda chama kilichoitwa Taita Hills Association. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Woresha Mengo, Jimmy Mwambichi na Paul Chumbo. Malalamiko yao makubwa yalihusu ardhi. Maeneo ya tambarare yaliyozunguka vilima yalikuwa yamechukuliwa, mengine yakageuzwa kuwa mashamba ya mkonge ya walowezi na makampuni, na wenyeji wakasongamana milimani. Hata leo msafiri anayetoka Voi kwenda Mwatate huyaona mashamba ya mkonge yakitandaa pembeni mwa njia, na hahitaji kitabu ili aelewe walikuwa wakilalamikia nini.

Jambo la kuzingatia ni kwamba chama hicho hakikujifungia milimani. Kilishirikiana na Kikuyu Central Association, na kilikuwa na mwenzake Ukambani, yaani Ukamba Members Association, ambacho kiongozi wake Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu na serikali ya kikoloni mwaka 1938. Mwaka 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeanza, serikali ilivipiga marufuku vyama vyote vitatu kwa pamoja. Viongozi wao walikamatwa na kuzuiliwa Kapenguria.

Wanafunzi wengi hulihusisha jina la Kapenguria na kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake iliyoanza mwaka 1952. Wachache wanajua kwamba miaka kumi na miwili kabla ya hapo, wana wa Taita walikuwa wamekwisha kuzuiliwa huko pamoja na Wakikuyu na Wakamba. Walikuwa watu wa lugha tatu tofauti katika nchi isiyo ya yeyote kati yao. Si vigumu kukisia ni lugha gani iliwafaa walipotaka kupeana habari au kufarijiana, na mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kulitafakari jambo hilo.

Tukiupima uanachama wao kwa kipimo cha "nitapata nini", tutalazimika kusema walipata hasara. Lakini wao hawakupima hivyo. Chama kiliwafanya wawajibike kwa Wataita wasiokuwa wa vichuku vyao, na kisha kwa watu wasiokuwa Wataita kabisa. Hatua hizo mbili, kutoka ukoo hadi kabila na kutoka kabila hadi nchi, ndizo tunazozihitaji hadi leo.

4.0 Vyama vya Wanafunzi Afrika Mashariki

Mwelekeo huo huo unaonekana katika vyuo vikuu vyetu. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, na akiwa huko alishiriki kuanzisha tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika. Kazi aliyoifanya baadaye, hadi kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, haikuanzia jukwaani mbele ya umma. Ilianzia katika mikutano midogo ya wanafunzi. Tarehe hiyo hiyo, Julai 7, ndiyo UNESCO iliyoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali waliunda mwaka 1967 chama kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni. Mwaka 1969 wanachama wakaanza kutoa jarida walilolipa jina la Kiswahili, Cheche. Chama na jarida vyote vilipigwa marufuku mwaka 1970. Hata hivyo, miaka arobaini baadaye, mwaka 2010, Karim Hirji alihariri kitabu cha kumbukumbu za waliolitoa jarida hilo. Jarida lililoishi muda mfupi namna ile lilibaki na uzito kiasi cha wazee kuona haja ya kulieleza upya.

Taita Taveta nayo ina mfano wake. Mwandawiro Mghanga alikuwa miongoni mwa viongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi katikati ya miaka ya 1980. Alifungwa, akaishi uhamishoni Sweden, na mwaka 2002 akachaguliwa kuwa mbunge wa Wundanyi. Si lazima mtu akubaliane na siasa za yeyote kati ya hawa ili aone kwamba walichojifunza katika vyama vya wanafunzi hakikuishia siku ya mahafali.

Hata hivyo, mifano ya watu mashuhuri ina upungufu. Inaweza kumfanya mwanafunzi wa kawaida adhani kwamba thamani ya chama ni kwa wale tu watakaokuwa viongozi wa nchi. Kwa sababu hiyo, sehemu ifuatayo inaeleza mambo ya kawaida kabisa, ambayo mwandishi aliyashuhudia mwenyewe.

5.0 Kinachobaki kwa Mwanachama wa Kawaida

5.1 Kumbukumbu za mkutano

Katika shule za upili tulifundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Tulibuni mwenyekiti, tukabuni katibu, tukabuni waliotoa udhuru na waliokosa kufika bila udhuru, tukapata alama zetu. Ni chamani ndipo nilipoandika kwa mara ya kwanza kumbukumbu za jambo lililotokea, zitakazosomwa mkutano ujao mbele ya watu waliokuwepo. Mtu akisimama na kusema, "Katibu, sikusema hivyo," huna pa kujificha. Nilijifunza kusikiliza maneno ya mtu nisiyekubaliana naye na kuyaandika kama alivyoyasema. Uaminifu huo ndio msingi wa utafiti wa lugha na fasihi; mimi niliujulia mkutanoni kabla ya kuufahamu katika somo la mbinu za utafiti.

5.2 Fedha za watu

Mwaka wa pili nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa chama chetu cha Kiswahili. Tulikuwa tumechanga fedha za kuwapeleka wenzetu wanne kwenye kongamano la wanafunzi. Mkopo wangu wa masomo ulichelewa, mwenye nyumba akanidai, nami nikachukua shilingi 1,500 katika fedha za chama nikinuia kuzirudisha kabla ya mtu kujua. Mkopo ukazidi kuchelewa, na mkutano ukaitishwa mapema kuliko nilivyotarajia. Katibu alipoomba daftari, sikuwa na la kusema ila ukweli.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliotaka nifukuzwe, na wapo waliotaka jambo lifunikwe kwa sababu nilikuwa mwenzao. Mlezi wa chama, ambaye alikuwa mhadhiri wetu, hakusema neno. Mwishowe mwenyekiti aliamua mambo matatu: nivuliwe wadhifa, nilipe kwa awamu tatu, na niliandike kosa langu mimi mwenyewe katika kumbukumbu za siku hiyo. Adhabu iliyoniuma ni hiyo ya tatu. Niliandika sentensi moja tu, nayo ilinichukua muda mrefu kuliko insha yoyote niliyowahi kuandika.

Waliosafiri walikuwa watatu badala ya wanne. Aliyebaki alikuwa ameiandaa makala yake kwa muda wa miezi miwili. Niliilipa ile fedha yote, lakini kongamano lilikuwa limepita. Nafasi yake sikuweza kuirudisha.

Leo ninafundisha karibu na mji wa Voi, na mara kadhaa nimepewa dhamana ya kushika fedha za walimu wenzangu na za wazazi. Sijapata kulifungua daftari bila kuikumbuka sentensi ile. Chama hakikunipa kazi hii, bali kilinipa sababu ya kuaminika ndani yake. Darasani ningejifunza kwamba wizi ni kosa. Nyumbani ningesamehewa kwa sababu ya damu. Chamani nilisamehewa na watu ambao hawakulazimika kunisamehe, na walinisamehe baada ya kunidai ukweli.

5.3 Safari ya Wundanyi

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Wanachama saba walisafiri usiku kutoka chuoni, wakateremka Voi alfajiri, wakapanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi, kisha wakapanda kilima kwa miguu hadi nyumbani. Aliyewaongoza alikuwa yule yule aliyekosa kongamano kwa ajili yangu. Alikuwa na bahasha ya mchango na orodha ya majina ya waliochanga, kila jina na kiasi chake, hata wa shilingi ishirini.

Baba mkubwa aliwapokea. Baada ya kumwamkia, naye akaitikia, aliwauliza, "Wanangu, nyinyi ni wa kichuku gani?"

Yule mwenzangu alijibu, "Sisi si wa ukoo, mzee. Ni wa chama chake cha chuoni."

Mzee aliitazama ile orodha kwa muda, kisha akasema, "Basi chama hicho kina watu." Akaamuru wapewe nafasi mbele, pamoja na wana wa nyumba.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini nadhani siku ile palikuwa na zaidi ya urafiki. Kati ya wale saba, wawili hatukuwa tukielewana hata kidogo. Walikuja kwa sababu ulikuwa wajibu wa chama. Urafiki huchagua, lakini chama humfundisha mtu kumfaa hata asiyempenda.

6.0 Hatari za Udugu wa Chama

Ingekuwa kosa kueleza faida pekee. Kamba inayofunga mzigo ndiyo inayoweza kumnyonga mtu. Hatari tatu zinafaa kutajwa.

Kwanza, mateso ya kuwakaribisha wanachama wapya. Vyama vya udugu vya Marekani vimelaumiwa kwa desturi hiyo, na wanafunzi wamepoteza maisha. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kitaifa inayovilazimisha vyuo kuripoti visa vya namna hiyo. Chama kinachodai mtu adhalilishwe ili aitwe ndugu hakijui maana ya undugu.

Pili, ukabila. Chama cha wanafunzi wa eneo moja humsaidia mgeni kupata malazi, humwonyesha njia, humzika aliyefiwa ugenini. Haya ni mema. Lakini kikigeuka kuwa ngome ya kupigia kura dhidi ya wengine, au mali ya mwanasiasa anayelipia mabasi na vinywaji, huwa kimerudi nyuma ya hatua iliyopigwa na akina Mengo miaka ya 1930. Sheria ya vyuo vikuu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2016 ili viongozi wa mabaraza ya wanafunzi wachaguliwe kupitia wawakilishi badala ya kura ya moja kwa moja ya kila mwanafunzi. Sheria hugusa mabaraza. Vyama vidogo hulindwa na wanachama wenyewe.

Tatu, kufichiana maovu. Laiti wale waliotaka kosa langu lifunikwe wangeshinda, ningetoka chuoni nikiamini kwamba ndugu ni mtu anayekufichia. Imani hiyo ndiyo inayoziua shule zetu, vyama vyetu vya ushirika na ofisi zetu za umma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba thamani ya kudumu ya chama cha wanafunzi ni malezi ya mtu mwenye kuwajibika kwa wasio jamaa zake. Lugha yetu ilikuwa na maneno ya udugu wa hiari kabla ya chuo kikuu kuwapo. Wataita wa Taita Hills Association waliuishi kwa gharama kubwa. Na mwanachama wa kawaida huupata katika daftari, kumbukumbu na safari za matanga.

Hali ya Voi ya leo inalifanya jambo hili kuwa la dharura. Zamani kijana wa Taita Taveta alilazimika kuondoka ili apate elimu ya juu. Tangu Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipewe hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, baada ya kuwa chuo kishiriki tangu mwaka 2011, wanafunzi kutoka pembe zote za nchi huteremka Voi wakiwa wageni kama tulivyokuwa sisi kwingineko. Sasa ni zamu yetu kupokea. Mwanafunzi wa Kidawida, wa Kitaveta au wa Kisagalla anayemkaribisha mgeni katika chama cha Kiswahili anampa lugha wanayoimiliki wote wawili, na pia watu wa kumdai ukweli.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Vyama viwafundishe wanachama wote, kwa zamu, kazi ya katibu na ya mweka hazina, wala visiwaachie wachache waliozoea. Kumbukumbu na hesabu zisomwe hadharani kila mkutano, hata fedha zikiwa chache. Na mwanafunzi mgeni anapouliza atapata nini, asidanganywe kwa ahadi ya kazi. Aambiwe kwamba atapata watu watakaomuuliza maswali, na ambao siku moja watapanda kilima cha kwao kwa miguu. Mtu ni watu.